Binti wa Marehemu Nisiyemjua

Nilikwenda Bwera kufundisha Kiswahili, na kwa miezi saba hakuna mtu aliyetaka kuzungumza nami Kiswahili.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Mkuu wa shule iliyoniajiri alinipokea kwa Kiingereza, akanionyesha nyumba yangu kwa Kiingereza, akaniambia kwa Kiingereza jinsi walivyofurahi kupata mwalimu wa Kiswahili. Baada ya hapo nilibaki na milima ya Rwenzori dirishani. Kwa watu wengi wa huko, lugha yangu ni lugha ya askari. Wazazi wao waliisikia kwenye vizuizi vya barabarani ikiwaamuru walale chini. Nilipomsalimia mama mmoja njiani, alianza kutafuta kitambulisho chake kabla hajaitikia. Wazee niliwaamkia shikamoo. Mmoja alinijibu "Asante." Mwingine alifikiri kidogo, akasema, "Bado."

Kule chini, soko la Mpondwe, karibu na daraja la kuingilia Kongo, Kiswahili kilikuwapo tele, ila hakikuwa changu.

"Naomba nyanya," nilimwambia mwuzaji siku ya kwanza.

"Unaomba?" Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Hapa hatuombake, mama. Hapa tunauzishaka."

Mtu pekee aliyenisemesha alikuwa jirani yangu, Mkongomani wa Butembo aliyekuwa akiuza vitenge sokoni. Tulizungumza juu ya ua, mimi nikielewa nusu, yeye akielewa robo. Alhamisi moja alipachika kidevu juu ya ua huo akaniambia, "Mwalimu, samedi iko fête ya mutoto ya dada yangu, kule Nyakiyumbu. Bwana anakuya kujionyesha kwa wakwe. Ukuye. Mimi nitatangulia asubuhi kupika."

Miezi saba bila kualikwa hata kwenye kikombe cha maji! Jumamosi hiyo nilivaa gauni la njano la kitambaa kizito, nikapiga kilemba cha rangi hiyo hiyo, nikanunua chupa ya chai, nikaiviringisha kwenye karatasi ya kung'aa na kuifunga utepe mwekundu. Kisha nikapanda bodaboda.

"Nipeleke Nyakiyumbu, kwenye shughuli."

"Shughuli gani?"

"Penye mahema na watu wengi."

Akanipeleka penye mahema na watu wengi. Mpaka leo siwezi kumlaumu.

Palikuwa na mahema mawili, viti vya plastiki, masufuria yakifuka moshi nyuma ya nyumba, na spika iliyopiga nyimbo za kanisani. Wanawake walivaa gomesi, yale magauni marefu ya mabega yaliyochongoka na mshipi mpana, wanaume makoti. Jirani yangu sikumwona, lakini nilijua yuko jikoni. Nilipita katikati ya viti na zawadi yangu kifuani, nikitabasamu kulia na kushoto. Watu waliacha kuzungumza. Nikaona ni heshima.

Mzee mmoja, mrefu, aliyenyooka kama mlingoti wa bendera, alinijia kwa hatua za gwaride. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa mwanajeshi mstaafu, na kwamba kila mtu alimwita afande, pamoja na mkewe.

"Wewe! Natoka wapi?"

"Shikamoo mzee. Natoka Tanzania."

"Endelea," aliitikia shikamoo yangu. Halafu akasita. "Tanzania?"

"Ndiyo, mzee. Tanzania."

Aligeuka akapaza sauti kwa Kikonzo, lugha ya huko. Sentensi yote sikuielewa isipokuwa jina la nchi yangu. Hema zima likalipuka. Mwanamke mnene aliyevaa gomesi ya zambarau alinirukia shingoni akilia. Wengine walinishika mikono, wengine magoti. Mama mmoja mzee, aliyekuwa amekaa chini kwenye mkeka, alinigusa uso kwa vidole vyote kumi.

Nikawaza: jamani, hawa watu wanapenda wageni! Mimi nilikuwa nimekaa mji usiofaa tu.

Wakaniingiza ndani ya nyumba, na sebuleni nikaona jeneza.

Mambo yalivyokuwa niliyaelewa kidogo kidogo. Marehemu, katika ujana wake, aliwahi kuishi Tabora akitengeneza malori kwenye gereji. Aliporudi kwao aliwasimulia ndugu zake kwamba ameacha mtoto wa kike huko, na kwamba iko siku atakuja. Alilisema hilo miaka yote, kila Krismasi. Alipofariki, familia ilitoa tangazo redioni kwa siku mbili, na mwishoni wakaongeza: "Na wewe mtoto wa Tanzania, popote ulipo, uje." Na mimi, mwanamke wa miaka arobaini na minne, nikatokea na zawadi.

Nilijaribu kusema ukweli, tena mara moja, kwa sababu sikulelewa kudanganya mbele ya maiti. Afande akanipa kipaza sauti, akashika cha pili ili anitafsirie. Mwanamke wa gomesi ya zambarau, ambaye ndiye aliyekuwa binti mkubwa wa marehemu, mwenye mgahawa mjini Kasese, alikaa karibu nami, na kwa wema wake akawa ananirudishia kwa Kiswahili yale afande aliyoyapeleka kwa Kikonzo.

"Jamani, naomba mnisamehe," nilisema. "Mimi nimepotea."

Afande akatafsiri. Kilio kikapanda.

"Anawaambia unaomba musamaha," dada mkubwa alininong'oneza. "Ulipotea miaka yote."

"Hapana. Marehemu sikumjua kabisa!"

"Hukumujua baba hata siku moja," alininong'oneza, na sauti yake ikakatika.

"Nimefika hapa kwa bahati mbaya tu!"

Afande alitikisa kichwa kwa huzuni kabla ya kutafsiri hilo. Wanaume watatu walitoa leso.

"Ni kweli," alisema dada mkubwa, akinishika mkono. "Ni bahati mbaya sana."

Hapo ndipo nilipolia. Sikumlilia marehemu, Mungu anisamehe. Nililia kwa sababu mkono ule ulikuwa wa joto, na nilikuwa sijashikwa mkono tangu nivuke mpaka wa Mutukula. Nililia kwa kwikwi, kilemba kikaangukia sikioni. Dada mkubwa alilia nami. Watoto wengine watatu wa kike wa marehemu walikuja wakalia nasi, tukawa fungu moja, na katikati yake zawadi yangu ikifanya kelele za karatasi.

Mtu akaichukua na kuifungua. Kukatokea minong'ono.

"Chupa ya chai," alisema afande kwenye kipaza sauti, pole pole. "Najua baba yake napenda chai."

Nani asiyependa chai? Lakini waliiweka juu ya jeneza, na ikaenda nalo hadi shambani, kati ya migomba na mibuni, mahali kaburi lilipochimbwa. Katekista alisali. Wakaniita wa pili, mara tu baada ya mjane, nikatupa udongo.

Tulikuwa tunarudi kutoka kaburini, mimi nikiwa nimeshikwa kwapani na mabinti wawili, jirani yangu alipotokea kwenye kijia akihema, mikono ina unga wa muhogo. Shughuli yake ilikuwa nyumba ya tatu kuteremka mtoni.

"Mwalimu! Unafanya nini huku? Kule wakwe beko wanakungojea, mchele inapoa!"

Yule wa Butembo, ambaye Kikonzo na lugha ya kwao ni karibu kitu kimoja, aliwaeleza yote vizuri kwa dakika mbili: mwalimu wa shule ya juu, ameajiriwa, anatoka Morogoro, baba yake mzazi ni mzima na ana ng'ombe. Niliinamisha uso. Nilingoja matusi, au fimbo.

Afande alinizunguka mara moja, kama anakagua sare.

"Wewe nakuja kama mutu," alisema. "Nalia kama mutu. Natupa udongo kama mutu. Sasa naambiwa wewe si mutu ya hapa?"

"Nilijaribu kusema, mzee."

"Nalijaribu vibaya!"

Wakaketi kikao, papo hapo, kwenye viti vya plastiki. Kilichojadiliwa hakikuwa kosa langu. Kilichojadiliwa ni kama mtu aliyekwisha kutupa udongo kwa nafasi ya mtoto anaweza kuacha kuwa mtoto. Katekista alisema jambo hilo hakufundishwa. Mjane, yule mama mzee wa kwenye mkeka, alisema neno moja fupi, na kikao kikawa kimekwisha.

"Anasema aliyeliwa machozi hayarudishwi," dada mkubwa alinitafsiria, kisha akajirekebisha. "Hapana, si hivyo. Kiswahili inanishinda. Anasema tu ukae, ule."

Nikala bundu, ugali wa muhogo, kwa maharage. Halafu nikateremka kwa jirani nikala wali wa wakwe pia, ili nisimkosee.

Tatizo lilikuwa cheo. Majina ya Wakonzo hufuata mpangilio wa kuzaliwa. Mtoto wa kwanza wa kike ana jina lake, wa pili lake, na ukilisikia jina unajua nafasi ya mtu. Kwa miaka yangu, mimi nilimzidi dada mkubwa kwa miaka mitatu. Afande alipendekeza mabinti wote washuke nafasi moja. Dada mkubwa alitoa kitambulisho cha taifa kwenye mkoba na kukipiga mezani.

"Mimi ni wa kwanza tangu kuzaliwa. Serikali inajua, benki inajua. Nishuke kwa ajili ya mwalimu aliyepotea njia?"

Kwa hiyo nikawekwa mwisho. Nikapewa jina la mtoto wa tano wa kike, na kwa uamuzi huo nikawa mdogo wa msichana wa miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa ushonaji, ambaye aliupenda mpango huu kuliko mtu yeyote. Wiki iliyofuata alinitumia ujumbe: "Mudogo wangu, kesho tunavuna kahawa. Usichelewe." Nikaenda. Nilivuna vibaya, nikachanganya mbichi na mbivu, nikakaripiwa mbele ya mbuzi. Nilirudi nyumbani mgongo ukiniuma, nikiimba njia nzima.

Habari zilifika shuleni, na wanafunzi wakaanza kuniuliza maswali darasani. Maswali hayakuwa ya sarufi. Walitaka kujua jinsi nilivyomzika baba wa watu. Waliuliza kwa Kiswahili, kwa sababu niliwaambia sitajibu kwa lugha nyingine. Muhula huo walijifunza njeo zote.

Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha dada mkubwa aliponipigia simu kutoka Kasese.

"Kuja haraka hapa mgahawani. Kuna mutu anasema yeye ni wewe."

Alikuwa mwanamke mwembamba, mfanyabiashara wa nguo kutoka Tabora. Tangazo la redio lilimfikia kwa kupitishwa mdomo hadi mdomo, kutoka kwa dereva mmoja wa lori hadi mwingine. Alikuwa na picha ya marehemu akiwa kijana, ameegemea bonneti ya lori. Alikuwa na mwanya ule ule ambao mabinti wote wanne wanao, na mimi sina. Hapakuwa na la kubishania. Hata hivyo afande, aliyeletwa kutoka Nyakiyumbu kwa pikipiki, hakuridhika.

"Iko kavu," aliniambia pembeni. "Hajalia. Wewe ulilia sana. Mwulize maswali ya Tanzania."

"Mzee, huyu ndiye mwenyewe."

"Uliza!"

Nikamwuliza wimbo wa taifa unaanzaje. Akanitazama kama anavyostahili kutazamwa mwendawazimu, kisha akauliza kwa Kiswahili chetu, kile nilichokuwa sijakisikia muda mrefu, "Samahani dada, wewe ni nani hasa?"

Nikamweleza. Niliona uso wake ukipita rangi zote. Nilidhani atanipiga, na ningemruhusu.

"Kwa hiyo ulinizikia baba," alisema mwishowe.

"Nilikosea njia."

Alianza kucheka. Alicheka hadi akashika meza, na mahali fulani katikati kicheko kikageuka, akalia sauti moja ndefu iliyowatoa wateja vitini. Afande alikunja mikono kifuani. "Sasa sawa," alisema. Wakampa jina la mtoto wa sita. Nilipinga, nikaambiwa mambo ya familia si ya wageni.

Alikaa siku tisa. Siku ya kuondoka nilimsindikiza mimi hadi stendi ya Kasese, kwa kuwa wengine walikuwa shambani. Basi la Mbarara lilikuwa halijajaa. Tulikaa kwenye benchi tukila chapati, jua linachoma, na wachuuzi wa miwani walikuwa wameshatukatia tamaa.

"Dada," aliniambia, bila utani, "alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilifungua mdomo kumkumbusha kwamba sikumjua. Badala yake nikamwambia, kama nilivyosimuliwa shambani tukivuna, kwamba alikuwa akibishana na redio, akiijibu taarifa ya habari kwa sauti mpaka mkewe anatoka nje. Kwamba alipanda mibuni yake kwa mistari isiyonyooka akadai ni milima iliyopinda. Kwamba aliogopa bata. Kwamba Kiswahili cha Tabora alikihifadhi kwa ajili ya kumtongoza mkewe, na mjane bado anakumbuka maneno mawili, lakini hasemi ni yapi.

"Bata?" aliuliza.

"Bata mzinga hasa. Alikuwa anapitia nyuma ya kanisa kuwakwepa."

Konda akaanza kuita. Alipanda, akakaa dirishani, akafungua kioo.

"Na mimi nawaogopa," alisema.