Mgagani kwenye Stoo ya Hema

Natoka Tarime. Nikisema hivyo mbele ya Watanzania wenzangu, hapa Doha au kwingine, hufuata mzaha uleule wa bangi, na anayeutoa hucheka peke yake akidhani yeye ndiye wa kwanza kuutoa. Nimeshauzoea, ila kuzoea si kupenda. Nyumbani kwetu tulilima mahindi, mihogo na mboga za majani, basi. Na mboga iliyonifuata hadi Uarabuni ni mgagani.

Ninapika katika nyumba moja ya Al Rayyan. Wenyewe ni watu wazuri, kwa maana kwamba hawafoki ovyo, na Ijumaa asubuhi wananiachia niende kanisani Mesaimeer. Chakula si tatizo. Kuna wali na nyama, na kesho yake kuna nyama na wali. Mwaka wa kwanza nilifurahi nikanenepa. Mwaka wa pili ulimi ukaanza kudai kitu kichungu, nikawa naamka nimeota mgagani uliolala na maziwa kwenye chungu. Wenzangu waliwaota watoto wao. Wangu nilikuwa nawaona kwenye simu kila jioni, labda ndiyo sababu.

Dada yangu alinitumia mbegu, amezishonea kwenye pindo la kitenge. Nilizisia kando ya ukuta wa bustani. Zilipochomoza, mtunza bustani, mtu makini sana, aling'oa zote akijua ni magugu. Nikasia tena, akang'oa tena. Sikuweza kumlaumu, maana hata kwetu mgagani huota wenyewe kwenye mavi ya ng'ombe na asiyeujua huupita. Kisha baridi ikaingia. Baridi ya hapa haitishi, sweta moja linatosha, lakini mgagani unataka joto, na mbegu nilizosia mara ya tatu zilikaa udongoni zimenuna.

Aliyenisaidia ni dereva wa nyumba, Mzanzibari, mzaliwa wa Mjini kabisa, mtu wa umri wa kaka yangu mkubwa. Alikuwa amekaa pale miaka mingi kuliko sisi wote. Watoto wa nyumba aliwaendesha tangu wakiwa wa kubebwa, na yule mdogo wa kike, aliyemwita ammi kama vile ni ndugu wa baba yake, hakukubali mtu mwingine yeyote amfunge mkanda wa gari. Mboga aliijua, lakini mboga ya sokoni Darajani, iliyofungwa mafungu. Ya shambani ilikuwa habari ya watu wengine.

Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo ya nyuma. Watu wa hapa wakati wa baridi hupenda kwenda kukaa jangwani. Hupiga hema, wakatandika mazulia, wakawasha jenereta na moto wa kuni, na kila wikiendi ukoo mzima uko huko. Vitu hivyo vyote hukaa stoo wakati wa joto. Baridi ikianza hubebwa, na stoo hubaki tupu mpaka msimu wa kambi uishe. Nilikuwa nimeipigia hesabu stoo hiyo muda mrefu.

"Kaka, nifungulie stoo ya hema nioteshe vitu vyangu," nilimwambia.

"Vitu gani?"

"Majani ya kwetu. Bustanini yule bwana ananing'olea."

"Kwenu Tarime?"

"Sasa kwetu kungine wapi?"

Alinitazama, kisha akatazama mlango wa jikoni kama kuna mtu. "Haya," alisema. "Lakini dada yangu, tusiwe na mdomo."

Nilidhani anamwogopa mtunza bustani. Nilikusanya ndoo tupu za labani, maziwa yao ya mgando, nikazitoboa chini na kuzijaza udongo niliochanganya na samadi ya njiwa wa baba mwenye nyumba. Dereva alifunga taa mbili ndefu nyeupe, na katikati tukaning'iniza ile taa nyekundu ya kupashia vifaranga vya njiwa. Siku chache baadaye mbegu zilichomoza. Nilifurahi, nisidanganye, nilipiga kigelegele kidogo humo ndani, kile cha kubana mdomo.

Mgagani ukipata joto hauchelewi. Kwenye kila kikonyo hutoa vijani vitano, vimekaa mfano wa vidole vya mkono uliokunjuliwa. Shina lake lina vinyweleo vinavyonata. Ukiugusa, harufu inabaki mkononi, na ndani ya chumba kilichofungwa harufu hiyo inakupokea mlangoni. Kazi yangu ilikuwa kumwagilia asubuhi baada ya chai ya watu, na kukata vichwa kabla haujatoa maua ili uchipue pembeni. Kwenye mwanga wa taa ulirefuka kuliko wa nyumbani, mwembamba, unainama. Nilikuwa nausemesha.

Dereva alifanya zaidi ya nilivyomwomba. Aliziba dirisha kwa makatoni na karatasi ya kung'aa ya jikoni, nikadhani ni kwa ajili ya joto. Alileta chetezo akawa anafukiza udi mlangoni. Nikasema huyu naye, Mzanzibari hata stoo lazima inukie. Aliniambia nisiwe nautaja mgagani nikiongea na dada yangu kwenye simu. Hapo nilimwona mtu wa ajabu, lakini kila mtu anayekaa ugenini muda mrefu huwa na ya kwake.

Chungu cha kwanza nilipika kama inavyotakiwa. Nilichemsha, nikamwaga maji ya uchungu, nikatia maziwa, nikalaza mpaka kesho. Mchana nikampelekea kibakuli chumbani kwake. Alirudi nyuma hatua moja.

"Mimi hapana, dada. Wewe unakula hii?"

"Nikiwa nayo, kila siku."

"Kila siku! Na kazi unafanya?"

"Ndiyo inanipa nguvu ya kufanya kazi."

Alishika kichwa. Nikajua ni tumbo, maana alikuwa mtu wa kulalamikia tumbo, nikala peke yangu. Ijumaa iliyofuata, akinipeleka Mesaimeer, tulipokaribia alisema bila kunitazama, "Nchi hii mtu akishikwa, dada, hana mjomba. Una watoto wewe."

"Nashikwa kwa lipi?"

"Nasema tu."

Nilishuka nikaenda kusali. Wala sikulifikiria tena.

Kambi ilivunjwa kabla ya wakati wake. Upepo wa vumbi ulikuja ukapasua hema, na Jumamosi mchana gari mbili ziliingia uani zimejaa mazulia. Nilikuwa nakatakata vitunguu. Kupitia dirisha la jikoni nilimwona baba mwenye nyumba anakwenda stoo mwenyewe, dereva nyuma yake amebeba zulia begani. Dereva alikuwa anasema neno kwa Kiarabu, haraka haraka, kwamba angoje kwanza apafagie. Mlango ukafunguliwa. Mwanga wa taa nyekundu ukawamwagikia wote wawili.

Baba mwenye nyumba hakupiga kelele. Alisimama. Kisha akauliza, "Hag man?" Yaani, ya nani hii?

Dereva akaweka zulia chini. "Haggi," alisema. Yangu.

Nitasema nilichohisi, maana ndicho kilichotokea: nilikasirika. Nilisema moyoni, angalia huyu mtu, mboga nimeihangaikia mimi baridi nzima, leo imependeza kwenye macho ya tajiri imekuwa yake. Nilitoka na kisu mkononi kwenda kudai mgagani wangu. Nilipofika uani nikaona uso wa baba mwenye nyumba, umepauka. Alikuwa ameshachukua simu ya dereva na funguo za gari. Yaya wa watoto, Mfilipino, alinivuta mkono akaninong'oneza neno moja, "Hashish."

Nikaangalia ndoo zangu upya. Vijani vitano, taa, dirisha limezibwa, harufu, udi. Yale yote ya majira yale, simu, kibakuli, maneno ya kwenye gari, yalinijia kwa mpigo, na nikaelewa kwamba dereva hakuwa amefukiza udi kwa ajili ya kunukisha stoo. Tangu siku ile ya "kwenu Tarime" alijua, kwa kujua kwake, kwamba dada wa jikoni anaotesha bangi. Na sasa alikuwa amesema ni yake.

Walimkalisha kwenye majlisi ya wanaume, ambako mwanamke wa jikoni haingii ila kwa sinia. Niliingia bila sinia. Kiarabu changu ni cha sokoni, lakini siku hiyo kilitosha. Nilisema ile ni yangu, si yake, na ni chakula. Nilikuwa nimechuma konzi ya majani njiani, nikaitia mdomoni mbichi, mbele yao, nikatafuna. Mgagani mbichi ni mchungu kama adhabu. Machozi yalinitoka na sikujua ni ya uchungu upi.

"Anayevuta anaweza pia kutafuna," baba mwenye nyumba alisema. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Alikuwa ameshika simu na kidole kiko juu ya namba, na dereva alikuwa ananitazama kwa hasira kweli, kama mtu aliyeharibiwa kazi yake.

Aliyetuokoa ni mama yake baba mwenye nyumba, bibi wa watu, aliyesema kutoka mlangoni kwamba kabla ya polisi aitwe Msudani. Msudani alikuwa mlinzi wa shule ya jirani, mtu wa kuja kuswali na kunywa kahawa pale. Alikuja, akakata kijani, akakisugua, akanusa. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Tamaleika!" alisema, ndilo jina la mgagani kwao. Mama yake huipika. Akaonyesha ukingo wa jani, kwamba hauna meno ya msumeno kama lile lingine, akaomba apewe mbili tatu aende nazo.

Simu ikawekwa mezani. Nilikuwa nimeshaanza kugeuka kwenda kumalizia vitunguu, naapa, nilidhani yamekwisha.

Baba mwenye nyumba akamgeukia dereva, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na wewe ulidhani ni nini?"

Angeweza kusema mboga. Sisi sote tulikuwa tunamsubiri aseme mboga. Hata mwenye nyumba, naamini, alikuwa anampa nafasi hiyo. Lakini alikuwa amechoka, na hakuwa mtu wa uongo. Uongo wake wa maisha alikuwa ameutumia uani.

"Nilidhani hashishi," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ilipoanza."

"Na kila asubuhi ulikuwa unawapeleka wanangu shule."

"Ndiyo, baba."

Hapakuwa na ugomvi baada ya hapo. Mgagani ulikuwa hauna kosa, na mimi sikuwa na kosa. Aliyejua kwamba katika nyumba ile kuna bangi, akanyamaza msimu mzima, alikuwa mmoja tu. Baba mwenye nyumba alisema mtu wa namna hiyo hawezi kumwachia watoto, na kila nikiligeuza neno hilo nione lilipokosea, silioni. Alimpa haki zake zote na tiketi. Khalas.

Siku ya kuondoka alisimama uani na begi lake, akingoja gari ya kumpeleka uwanja wa ndege. Watoto walikuwa shule, imepangwa hivyo makusudi. Nilimwendea. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, lakini kilichotoka ni ukali.

"Kwa nini hukuuliza? Msimu mzima! Neno moja tu, 'dada, hii ni nini,' ungejibiwa."

"Ningekuuliza, ungeniambia kweli, ningekuwa najua," alisema. "Kwa kutouliza nilikuwa nadhani tu."

"Ukanidhania muuza bangi."

"Nilikudhania una shida. Mtu na watoto wake hafanyi vile bila ya shida."

"Na ukasema ni yako."

Alitazama geti. "Wewe una watatu, dada. Mie sina wa kunililia." Kisha akajisahihisha, akasema yule mdogo atalia, lakini ni mtoto, atasahau. Gari ikaja.

Yule mdogo hakusahau kwa wepesi huo. Kwa muda mrefu alikataa kufungwa mkanda na dereva mpya, ikabidi mama yake awe anapanda naye hadi shuleni. Jikoni alikuwa akija kuniuliza ammi yuko wapi, nami nilimpa tende nikamwambia amekwenda kwao. Ndoo nilizimwaga, ingawa hakuna aliyeniamuru. Bibi alisema niendelee tu.

Kuna jambo nimejiuliza mara nyingi, nikiwa nakatakata vitunguu au nikiwa kwenye gari Ijumaa. Mtu aliamini kwamba mimi ni mhalifu, na kwa imani hiyohiyo akanisalimia kila asubuhi, akanipeleka kanisani, akasema "haggi." Je, ningemwona yeye na jani lile, mimi ningesema ni langu? Najijibu haraka, maana jibu silitafuti. Ningekimbia jikoni nikafunga mlango.