Mama Hodi na Maji ya Kambi

Alizaliwa Jumatatu ya Pasaka, watu wakiwa ndiyo kwanza wanatoka kanisani, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, fundi makufuli. Mkunga alisimulia kwamba mtoto alilia mara tatu, kisha akanyamaza kama anayengoja kujibiwa. Lakini wakunga nao huongeza chumvi, na hilo tunaliandika bila kuliapia. La hakika ni kwamba alikulia katikati ya vitasa na funguo. Baba yake hakushindwa na mlango wowote mjini, wala hakufungua hata mmoja kabla ya kupiga hodi, hata pale alipoitwa na mtu aliyejifungia nje ya nyumba yake mwenyewe na kujua fika kwamba ndani hamna mtu. "Mwanangu," alimwambia, "ufunguo hufungua kitasa, lakini mwenye nyumba hufunguliwa kwa hodi. Piga tatu. Usipojibiwa, rudi nyumbani, na wala usinune." Binti alilishika neno hilo kuliko katekisimu, na katekisimu aliijua yote. Alipiga hodi jikoni kwa mama yake, hodi sakristia, hodi hata bandani kwa kuku. Wenzake wakambandika jina la Hodi, na alipopevuka likawa Mama Hodi, ingawa hakuzaa.

Wito wake aliupata katika kambi ya vijana, ile ambayo parokia ilikuwa ikiifanya kila kiangazi, shule zikifungwa, kwenye uwanja wa kilimani nje ya mji. Mwaka wake wa kwanza pale, msichana mmoja alijifungia hemani akilia kwamba anataka kwao, na wenzake wakawa wanamwigiza kilio chake na kucheka. Hodi alisimama nje ya hema, akapiga hodi kwenye turubai, jambo lililowachekesha zaidi, akakaribishwa kwa sauti ya kwikwi, akaingia, akakaa naye bila neno mpaka kengele ya chakula. Jioni hiyo alimwendea paroko akamwambia, "Baba, nimepata kazi yangu." Paroko akauliza ni kazi gani. "Kukaa na wanaolia." Tangu hapo hakurudi nyuma. Alisomea umatroni, akaajiriwa katika bweni la wasichana, na likizo zake zote akazitoa kwa kambi, mpaka akafanywa mama wa kambi. Wachumba walikuja, tusidanganyane, maana alikuwa mzuri. Walipiga hodi, wakajibiwa kwa heshima, wakanywa chai, wakarudi walikotoka wakimsifia chai yake.

Kisha likaja jaribu. Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi kupita kiasi, na kiangazi kilipoingia kisima cha kambini kilikuwa kimejaa hadi juu. Mama Hodi aliteka maji, akayatazama kwenye kikombe cheupe, akayaonja, akasema, "Ni safi." Hakuwa na nia mbaya, maji yaling'aa kweli. Lakini mvua ilikuwa imebomoa ukingo wa kisima upande wa vyoo, na uchafu ukapenya chini kwa chini. Homa iliwashika wengi. Mama Hodi naye aliugua. Wote walipona isipokuwa mmoja, binti wa kwanza wa mjane mwoka mikate, ambaye mji mzima ulimwita Mama Mikate. Binti huyo alifariki hospitalini mkesha wa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, akiwa na miaka kumi na sita.

Kambi ikafungwa. Mahema yakatupwa stoo ya parokia, panya wakayafanya makao. Halmashauri ya parokia ilikutana, ikaomboleza, ikakutana tena, na hatimaye ikajenga kisima upya kwa zege, kikawekwa mfuniko wa chuma na pampu, na afisa wa afya akayapima maji na kuyapitisha. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu. Kila kiangazi paroko alitangaza kambi, na kila kiangazi hakuna mzazi aliyeandikisha mtoto. Walilosema majumbani lilikuwa moja: "Mama Mikate akimpeleka yule mdogo aliyebaki, nasi tutapeleka wetu." Hakuna aliyethubutu kumtangulia mfiwa. Huo haukuwa woga tu, ilikuwa pia heshima, na heshima ni ngumu kuivunja kuliko woga. Vijana wakakua bila kambi. Waliokuwa wakilia majumbani mwao wakalia peke yao, na hilo lilimuuma Mama Hodi kuliko lawama zote.

Lawama hakuzikimbia. Walikuwapo waliomtetea, wakisema kosa ni la mafundi wa vyoo, au la mvua, au kwamba Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Aliwanyamazisha kwa upole. Kila Jumamosi asubuhi alikwenda nyumbani kwa Mama Mikate, mahali ambapo tanuri lilikuwa uani na meza ya kukandia unga ikitazama mlango wa mbele, akapiga hodi yake ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ndani, kelele za kukanda zilikoma. Hakuna aliyejibu. Naye akarudi nyumbani, na hakununa. Majirani walimtania: "Mama Hodi, mlango huo hauna masikio!" Akacheka nao. Alimwungamia paroko, kama paroko mwenyewe alivyotueleza baadaye kwa ruhusa ya Mama Hodi, kwamba njiani kurudi alikuwa akilia, na kwamba siku nyingine aliomba Mungu amwondolee Jumamosi kwenye juma.

Ndipo Jumamosi moja ya Kwaresima alipoamka na mafua mabaya, sauti imekauka kabisa, imekuwa nzito kama ya mwanamume. Dada yake alimsihi alale. Hakulala. Alifika mlangoni, akajikohoza, akatoa hodi iliyokwaruza. Mama Mikate, mikono imezama kwenye unga, mawazo yako kwenye tanuri, asiitambue sauti ile, akajibu kama ambavyo kila mmoja wetu angejibu, bila hata kugeuka: "Karibu!"

Mlango ukafunguliwa. Wakatazamana. Wako wanaosema hakuna muujiza hapo, ni mazoea ya ulimi na mafua tu. Waache waseme. Aliyeweza kumsemesha punda wa Balaamu hashindwi na mafua.

"Kumbe ni wewe," alisema Mama Mikate.

"Ni mimi, dada. Kama ulimi umekuponyoka, naweza kurudi."

Mama Mikate alianza kukwangua unga vidoleni. Alikuwa ameapa mbele ya kaburi kwamba mwanamke huyu hatakanyaga sakafu yake. Lakini karibu ilikwisha kutoka, na kwa watu waliolelewa, karibu hairudishwi mdomoni. "Nimeshasema karibu," alisema mwisho. "Kaa. Sema ulilokuja kusema."

Mama Hodi hakukaa. "Maji niliyaonja mimi. Nikasema ni safi, na hayakuwa safi. Mwanao aliyanywa kwa sababu aliniamini. Sina la kuongeza."

"Wote wanaokuja hapa wananiambia ni mapenzi ya Mungu," alisema Mama Mikate. "Miaka yote hii! Mpaka nikawa namwogopa Mungu mwenyewe. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia ni kosa." Akalia kwa sauti, paji la uso likiwa juu ya meza ya unga, na Mama Hodi akafanya kazi aliyoitiwa: akakaa. Baadaye mama yule aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kuliuliza: "Hebu niambie, siku zile kabla hajaugua, alikuwa anacheka?" Mama Hodi akamweleza, kwa sauti yake iliyokwaruza, jinsi binti alivyowatania wapishi wa kambi kwamba mkate wao ungefaa kujengea uzio, na jinsi alivyowafundisha kuumua unga mpaka nao wakaanza kujidai. Mama Mikate akacheka machozi yakimtiririka, unga usoni. Mikate ya siku hiyo iliungua yote, na mji ukala viporo.

Mama Mikate alipokuwa akimsindikiza, aliuliza, "Na kambi je?"

"Sikuja kwa ajili ya kambi."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Kiangazi hicho kambi ilirudi. Mahema yalinuka ukungu na yalikuwa na viraka juu ya viraka, lakini vijana walishuka kwenye lori wakiimba. Hata hivyo kila mmoja alikuwa amefungiwa na mama yake madumu ya maji kutoka nyumbani, na jua lilipopanda hakuna aliyeisogelea pampu. Mama Hodi alipampu maji mbele yao, akajaza kikombe, akanywa. Hakuna aliyemfuata, maana huyo ndiye aliyewahi kuonja akakosea. Ndipo Mama Mikate, aliyekuwa amemleta binti yake mdogo pamoja na vikapu vya mikate, akasogea, akakipokea kile kikombe, akakijaza. Aliyatazama maji yale mpaka watu wakaanza kuinamisha macho. Kisha akayanywa yote, tone la mwisho. "Matamu," alisema. "Haya wanangu, mwenye kiu na aje." Wakaja wakisukumana.

Mama Hodi aliiongoza kambi miaka mingi baada ya hapo, na alifariki humo humo, alasiri ya kiangazi, moyo wake ukiwa umechoka. Maneno yake ya mwisho kwa paroko yalikuwa haya: "Msiwaambie kwamba sikukosea." Tunayatii hapa. Miujiza tunayosimuliwa ya waliopiga hodi huku wakimwomba awaombee ni mingi: ndugu wawili waliokuwa wamenuniana tangu mirathi ya baba yao, mmoja akasikia hodi akajibu karibu kabla ya kukumbuka kwamba amekasirika; mke aliyekuwa amefukuzwa akaitikiwa na mkwewe. Kumtangaza mtakatifu ni kazi ya Kanisa, nasi hatuna haraka. Kumwiga hakuhitaji kibali: amkoseaye mwenziwe aseme "nimekosa" bila kumsingizia Mungu, na asiposikilizwa, aende tena.

Siku ya mazishi yake vijana, wakidhani kambi imekwisha, walianza kukunja mahema kwa huzuni. Mama Mikate alitoka makaburini na nguo zake nyeusi, akawakuta wanang'oa vigingi. "Nani kawatuma?" alifoka. "Pigilieni hivyo vigingi chini! Mimi ndiye mama wa kambi sasa."