Suruali ya Thelujini

Miaka ya khamsini mwanzoni, mke wa bwana mmoja wa serikali alituletea karatasi iliyochanwa kwenye gazeti la wanawake wa Kizungu. Ilikuwa na mashauri kwa wanawake wanaoteleza juu ya theluji kwa mbao mbili. Alileta na kitambaa cha sufu, kizito, cheusi, kilichomfikia kwa meli. Jumamosi alikuwa anakwenda kwao likizo, akataka ashonewe suruali ya kutelezea.

Mama yangu alikuwa fundi cherahani Mji Mkongwe, nami nshatolewa skuli, nashona naye ndani. Mwaka wa pili huo nakata, nashona, napiga pindo, na mteja akiuliza nani kashona, Mama hujibu, "Mimi." Ikiniuma, wallahi. Safari hii akanambia, "Hii yako, tangu mkasi mpaka kifungo. Ikitoka vizuri ntasema ni yako."

Nikamsomea ile karatasi. Vaa soksi jozi mbili. Paka uso mafuta, jua la thelujini huunguza.

"Jua na baridi pamoja?" Mama akauliza.

Ukiona unaanguka, anguka kwa ubavu.

"Ehee! Kumbe wanajua wataanguka! Na bado wanakwenda?"

Mimi ndiyo kwanza nikazidi kutaka kujua. Mama alipokwenda sokoni nikamwaga maji ya sabuni ukumbini, nikajifunga vibao viwili miguuni, nikajisukuma kwa ukuta. Nilianguka kwa ubavu kama nilivyoshauriwa, na niliumia vile vile.

Siku ya pili nikaanza kazi. Kwetu kitambaa kipya hakikatwi kabla hakijarowekwa, kisije kikarudi, kikawa kifupi, kikishashonwa. Basi nikachemsha maji, nikaitosa sufu, nikaifikicha kwa sabuni, nikaianika uani juani. Alasiri nikaenda kuianua. Lahaula! Imejikunyata, nene kama tandiko la punda, imepungua dhiraa nzima. Na sufu nyengine niitoe wapi? Nani angeiuza Unguja, kwa joto hili?

Nililia mpaka kamasi zikanitoka. Mama aliishika, akaivuta huku na huku, wala hakunigombeza. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Asubuhi yake yule bibi wa Kizungu akaja kupimwa suruali. Badala yake akakuta kile kitambaa juu ya meza. Akakiinua, uso ukamwiva.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," Mama akasema.

Miaka miwili nimelichukia neno lile, na leo analitoa kunisitiri. Nikaona haya. Na nikaona hasira pia, Mungu anisamehe: hata kosa langu lisiwe langu?

"Si yeye, memsabu," nikasema. "Ni mimi. Na yale magauni uliyoyasifu mwaka jana, nayo ni mimi."

Mama akanikata jicho. Yule mwanamke akanigeukia. Siku zote alizokuwa akija, sidhani kama aliwahi kunitazama usoni. Akakipapasa tena kitambaa, akaniuliza kitatoa nini.

"Kitafika magotini," nikamwambia. "Chini ya hapo sina la kufanya."

Akakirudisha kitambaa mezani. Kisha akavua viatu, akasimama katikati ya chumba, akanyanyua mikono apimwe. Mama akauvua utepe wa kupimia shingoni mwake, akanivisha mimi.