Kiti cha Mnandi

Gasper ni fundi wa mashine za boti pale Makoko, Musoma, na mtu akiniuliza ni mtu wa namna gani, namjibu kwamba ni mtu wa kusubiri. Alimsubiri Flora, mkewe, mpaka baba mkwe akachoka kukataa. Kipuri kikikwama Mwanza miezi miwili, yeye anafagia karakana, anapanga spana zake kwa ukubwa, anangoja. Mteja akimtukana anampa benchi akae. Mimi sina damu hiyo. Mimi ni fundi cherehani, nina duka dogo Iringo, na mteja akichelewa siku mbili tu kuja kuchukua suruali yake, naanza kumsema kwa majirani.

Lakini kitu alichokisubiri Gasper kuliko vyote ni gemu. Usicheke, maana nilikuwa nasubiri naye.

Tulikuwa darasa la tano. Nilikuwa nimetoka Butiama kwenye ng'ombe wa baba, nikaletwa kwa shangazi Makoko ili nisome. Sikumjua mtu, na Kiswahili changu kilikuwa kinachekwa darasa zima. Siku ya pili Gasper alinishika mkono akanipeleka kwa mjomba wake Baltazar, aliyekuwa na banda la video lenye televisheni moja na mashine moja ya gemu. Humo kulikuwa na diski isiyo na jalada, yenye maandishi ya Kijapani, na jina lake hakuna aliyelijua. Shujaa wake alikuwa mnyama wa mkia mnene anayeogelea chali. Mtoto yeyote wa ziwani angemtambua: fisi maji. Mgongoni alibeba ndege mweusi wa shingo ndefu, tukasema huyu ni mnandi. Mchezaji wa kwanza anamwongoza fisi maji, wa pili anamrusha mnandi aliyeshika taa mdomoni. Mmoja hawezi kufika popote bila mwenzake. Gasper akachukua fisi maji, mimi nikapewa mnandi, na kuanzia hapo nikawa na rafiki.

Baba yake, aliyekuwa mvuvi, alituchungulia siku moja akasikitika sana. Wanyama wale wawili walikuwa wanamtobolea nyavu na kumlia sato wake kila wiki, halafu sisi tunawapigia makofi. Alikwenda kumwambia mkewe kwamba wamezaa mtoto anayeshangilia wezi.

Tulifika hatua ya mwisho. Ilikuwa ni daraja la mbao juu ya maji meusi, na hapo tulikufa muhula mzima. Mbao zilikatika chini ya fisi maji hata tufanyeje, twende haraka au polepole. Kisha mjomba Baltazar akauza mashine na diski zake zote, akahamia kwenye biashara ya dagaa. Mwisho wa gemu hatukuuona. Gasper aliniambia kwamba siku moja wataitoa tena, na tutalivuka daraja lile mimi na yeye. Nilimwambia sawa. Mtu mwingine angesahau kabla ya likizo kuisha.

Yeye hakusahau. Simu janja zilipofika, alianza kutafuta. Akagundua kwamba kampuni za gemu zina tabia ya kuchukua za zamani, kuzing'arisha picha na kuziuza upya, na kila walipotangaza alikuja dukani kwangu na habari. Wamemrudisha dubu. Wamemrudisha sungura mwenye upanga. Wamemrudisha popo, ambaye kwa maoni yake hakustahili. Fisi maji bado. Nilioa, akaoa, tukazika wazazi, tukasomesha watoto, na kila Januari Gasper alikuwa anakaa kwenye kiti cha wateja wangu na kusema mwaka huu ndio wenyewe. Nilikuwa namtania mbele ya watu. Lakini angeacha kuja kuniambia ningeumwa.

Mwaka jana akatokea Bernado.

Bernado ana boti mbili Kisorya, ana miaka thelathini na kitu, na ananukia manukato saa nne asubuhi kwenye karakana ya mafuta na grisi. Alileta mashine ya boti itengenezwe, akakaa kwenye benchi, wakaanza kuongea gemu. Kumbe naye ni mgonjwa wa gemu, tena ana kadi ya kulipia mtandaoni. Mashine ya boti ilipona ndani ya siku tatu, lakini Bernado hakupona. Aliendelea kuja kila wiki. Akamtafutia Gasper mashine ya gemu iliyotumika, nzima kabisa. Nilikwenda nyumbani kwa Gasper kuiona, nikamkuta Bernado amekaa kwenye kochi upande wa dirishani, ninapokaa mimi, na Flora amempa kichwa cha sato, ambacho mimi shemeji yake nimekuwa nikipewa tangu aolewe. Mimi nikapata mkia. Nilikula, nikashukuru, nikaenda nyumbani.

Nilikuwa na wivu. Sitatafuta jina lingine la kuupamba. Mtu mzima, mzee wa kanisa, nilikuwa nawaza Bernado nikiwa nashona, mpaka nikaunga mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia.

Ndipo ikaja ile wiki ya ofa. Duka la mtandaoni lilishusha bei za gemu za mashujaa wanyama kwa mpigo: chura, fuko, mbweha, kenge, na katikati yao, kwa chini ya nusu bei, fisi maji wetu na mnandi wake, wameng'arishwa, na jina la Kiingereza tusilolijua. Gasper alinipigia simu nikiwa nampima bibi harusi kiuno. Alisema, "Lameck, wameitoa. Bernado ndiye ameiona."

Ningepaswa kusikia sehemu ya kwanza. Nilisikia ya pili. Miaka yote hiyo nimesubiri na mtu, halafu anayeleta habari ni mgeni wa juzi mwenye manukato. Nikajibu kwamba nina mteja.

Ijumaa jioni moyo ulilegea, nikaenda Makoko. Flora alikuwa uani anapara samaki. Akanikaribisha, akasema, "Pita tu shemeji, Gasper yuko ndani na Bernado wanaijaribu hiyo gemu yenu." Mlangoni kulikuwa na jozi mbili za viatu. Na ndani, kupitia pazia, nikausikia wimbo. Ule ule wa banda la Baltazar, filimbi na ngoma ndogo. Basi wameanza. Wameanza bila mimi, na mnandi wangu ameshikwa na mtu wa Kisorya. Nilimwambia Flora nimeacha pasi kwenye umeme, nikaondoka. Aliniita mara mbili. Sikugeuka.

Wiki iliyofuata simu ya Gasper nilikuwa naiangalia ikiita mpaka inanyamaza. Aliandika ujumbe: uko wapi, njoo. Nikasema moyoni, aniite nikamwangalie Bernado akicheza? Siendi.

Jumamosi nikaenda Bunda kununua vitambaa. Karibu na soko kuna chumba cha gemu cha mama mmoja anayeitwa Wegesa, mwanamke mnene wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Kwenye ukuta wa nje alikuwa amebandika picha za gemu alizonazo, na hapo nikamwona fisi maji. Nilisimama kama mtu aliyemwona mkewe kwenye picha ya harusi ya mtu mwingine. Wegesa akanieleza kwamba kwenye ofa ile alinunua tano za wanyama kwa mara moja. Watoto wakicheza za bunduki wazazi wanakuja kumsema, wakicheza na chura hakuna anayesema kitu. Nikamuuliza kama hii ya fisi maji inachezwa na mtu mmoja. Akasema lazima wawili, lakini yeye yupo, na asubuhi hii hana wateja.

Hapo ningeweza kwenda zangu kununua vitambaa. Nilikaa. Nilijiambia kama yeye amecheza na wake, na mimi nacheza na wangu.

Tulianza saa nne, tukamaliza saa kumi. Wegesa alichukua fisi maji, mimi mnandi. Sitamwonea, yule mama anacheza. Alikuwa anakula karanga kwa mkono mmoja kati ya hatua na hatua, hapigi kelele, hakosei. Tulipofika kwenye daraja lile nikamwambia hapa hatupiti. Akaniambia bila kuniangalia, "Zima taa, baba." Sikuelewa. Akasema ukizima taa utaona. Nikazima, na gizani, chini ya mbao zile mbovu, yakang'aa mawe madogo ya kijani, moja baada ya jingine mpaka ng'ambo. Fisi maji akayakanyaga akavuka. Muhula mzima tulikuwa tunakufa kwa sababu ya taa yangu mwenyewe.

Ng'ambo, wanyama wale wawili walilala juu ya mwamba kwenye jua, wimbo ukapigwa, maandishi yakapita. Nilidhani nitalia. Wegesa alikung'uta maganda ya karanga kwenye kitenge, akasema imeisha, akaenda kumfungulia mteja aliyebisha hodi. Nilirudi Musoma bila vitambaa.

Kesho yake baada ya ibada nilimkuta Gasper amesimama kwenye geti la kanisa letu, amevaa shati nililomshonea Pasaka. Hakuuliza kwa nini sipokei simu. Alinishika mkono akasema twende, Flora ameshapika. Nilimfuata kama mtuhumiwa. Sebuleni Bernado hakuwepo. Gasper akawasha, na kwenye kioo, pale panapoandikwa mlipofikia, palikuwa patupu. Hawakuwa wamecheza hata hatua moja.

"Bernado alitaka tuanze siku ile ile," akasema, "nikamwambia kiti cha mnandi kina mwenyewe. Tulisikilizaga wimbo tu, tukaizima."

Akanipa padi ya kuchezea mkononi. Nilipaswa kumwambia habari za Bunda hapo hapo. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno, nikayameza, kwa sababu alikuwa anatabasamu. Nikachukua padi, nikaigiza mtu asiyejua.

Tulicheza Jumapili tatu. Nilikuwa nakufa kwa makusudi. Nilikuwa nashangaa mahali pa kushangaa. Gasper alikuwa anacheka mpaka anapiga goti, anakumbuka banda, anakumbuka baba yake na wezi wake, na kila alivyofurahi mimi nilizidi kuwa mdogo kwenye lile kochi. Kichwa cha sato kilirudi kwenye sahani yangu, na sikukitamani.

Jumapili ya tatu tukafika kwenye daraja. Gasper akafuta mikono kwenye suruali, akanong'ona kwamba sasa tutulie, tujaribu kila kitu pole pole, tuna siku nzima. Nilikuwa nimejipanga kufa hapo angalau mara tano. Nilikuwa nimehesabu. Lakini ubao wa kwanza ulipolia, kidole changu kikafanya chenyewe. Nikazima taa.

Mawe ya kijani yakang'aa mpaka ng'ambo.

Gasper hakusogeza fisi maji. Aliyaangalia yale mawe, kisha akaniangalia mimi. Nikasema nimebahatisha. Ananijua tangu darasa la tano, anajua sijawahi kubahatisha kitu chochote, hata mtihani. Aliweka padi juu ya meza taratibu.

"Ulichezea wapi?"

Nikamwambia Bunda. Nikamweleza yote, viatu mlangoni, wimbo, pasi ambayo haikuwepo, chumba karibu na soko. Nilitegemea atanifukuza, na ningeondoka bila neno. Alisikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza mashine inayokohoa. Nje, Flora alikuwa anamwita kuku. Gasper akainamisha kichwa, na swali alilouliza halikuwa lile nililolitegemea.

"Huyo mama," akasema, "anachezaga vizuri kuliko mimi?"

Niliijua sauti ile. Ilikuwa sauti yangu ya mwaka mzima, ya kochi na ya mkia wa samaki. Ilikuwa inatoka kwa mtu ambaye hakuwahi kumwonea wivu mtu yeyote Makoko nzima, na ni mimi niliyemwambukiza.

Nilimjibu hapana, hata kidogo, yule mama ni wa kawaida tu. Aliitikia kwa kichwa. Akaizima mashine na wanyama wetu wakiwa bado upande huu wa daraja, akaiwasha tena, akafuta tulichokuwa tumefikia, akasema tuanze upya.

Tunacheza kila Jumapili mpaka leo. Hajaniuliza tena habari za viatu wala za pasi. Ila kila mnandi wangu akigonga mwamba tukaanguka majini, Gasper hacheki kama zamani. Anaangalia kioo tu, anasema taratibu, "Na kule Bunda ulikuwaga unakosea hivi?"