Miiba Niliyombandika Jogoo

Nawasimulia mwenyewe, kabla hamjasikia kwa watu wa Tabora. Jogoo wangu wa kizungu na kuchi, jogoo wa kupigana, wa jirani yangu Maganga walianguliwa pamoja. Kuchi akaota vikwaru, ile miiba ya miguuni. Wangu akabaki na miguu laini kama ya mtetea. Kila Maganga alipopita na jogoo wake kwapani, wivu ulinikaba.

Asubuhi ya maonyesho ya kuku nikachonga miiba ya pembe, nikambandika jogoo wangu kwa nta ya nyuki ya Sikonge. Jua likawaka, nta ikalainika. Bwana Shamba, aliyekuwa mwamuzi, alipomshika jogoo mguu, mwiba ukabaki mkononi mwake.

Maganga akasema kwa upole, watu wote wakisikia, “Ndugu yangu, majogoo wa aina hii huchelewa kuota vikwaru. Si ungeniuliza?”