Utupa Mkubwa na Utupa Mdogo

Mwenye macho ya haraka ataapa kwamba ni mmea mmoja. Vijani vinafanana, na maua yote ni ya ukoo wa kunde. Lakini utupa mdogo huota wenyewe njiani, kwenye mchanga wa huku kwetu Mbegani. Maua yake ni ya zambarau, na jani lake ukilishika halina manyoya. Mkubwa hupandwa. Unampita mtu kimo, unatoa maua meupe, na jani lake ni laini kama mgongo wa paka. Huo ndio unaoua samaki. Mimi niliupanda kuzunguka muhogo ili fuko wanaochimba chini ya ardhi wanikome, na mtaani kwetu nilikuwa nao peke yangu.

Haya yote nilimfundisha shoga yangu, niliyekuwa nikishika naye shuka moja tukienda kutanda uduvi, kila mmoja na ncha zake, tukiwachota majini. Alikuja kuomba majani, akasema mbuzi wake wanamalizwa na kupe. Nikamkatia gunia zima. Nikamwonyesha na namna ya kuyatwanga, nikamwonya asiyamwage karibu na maji.

Baada ya siku chache tulikuta kidimbwi chetu cha kutandia kule kwenye mikoko kimejaa vitoto vya samaki, matumbo juu. Uduvi hakuna. Pembeni yametupwa majani yaliyotwangwa. Wanawake tuliokuwa nao walikasirika, na walikuwa na haki. Nilimtazama mwenzangu. Sikumtaja, maana nilitaka aseme kwa mdomo wake, nami nimwombee radhi.

Akainama, akaokota jani moja lililosalia zima.

"Jamani, huu si ule mdogo wa njiani," akasema kwa upole. "Ule jani lake halina manyoya. Shikeni huu. Huu ni wa kupandwa, na aliyeupanda tunamjua."

Maneno yangu mwenyewe! Hata kidole alikipitisha juu ya jani vilevile nilivyomwonyesha. Nikasema ukweli wote papo hapo, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Alilia, akaapa, akauliza amenikosea nini hata nimsingizie, mjane kama yeye. Wakamfuta machozi.

Utupa nimeung'oa wote, na fuko wanajilia muhogo. Maji makuu ya bamvua yakitoka, wakati wa kutanda, wenzangu hawanipitii tena. Yeye hupita mlangoni kwangu na shuka begani, akanitolea salamu kwa sauti ili majirani wasikie. Namjibu, maana kujibu salamu ni wajibu. Kumsamehe sijamsamehe.