Sanduku Chini ya Magunia

Mpaka leo nikiona tao la kumpokea kiongozi napandwa na hasira, hata likiwa limepambwa kwa maua ya namna gani. Watoto wangu wanadhani sipendi siasa. Siasa haijanikosea kitu; nina kesi na mabomba ya chuma.

Ilikuwa miaka ile ya foleni. Nilikuwa nimemaliza shule na kuchaguliwa kwenda chuo cha uuguzi Arusha. Maelekezo yalisema mwisho wa kuripoti ni Ijumaa, na kila mwanafunzi aje na shuka mbili, blanketi, sabuni, sukari na viatu vyeusi. Asiye navyo hatapokelewa. Walioandika vile sijui walikuwa wakiishi nchi gani. Baba alishinda kwenye duka la ushirika mpaka miguu ikavimba. Mama alipanda mlima mpaka Mbulu na maharage mgongoni, akarudi na sukari kidogo kwenye kitambaa. Shuka alituuzia mwenye duka mmoja pale mjini, akizitoa chini ya kaunta huku akichungulia barabarani. Tulipofunga lile sanduku la bati, nyumba nzima pale Nangara ilikuwa imebaki haina sabuni.

Mabasi hayakuwa na mafuta, kwa hiyo asubuhi ya Alhamisi baba alinitafutia nafasi kwenye lori la mbaazi. Sanduku likapakiwa kwanza, chini kabisa, wezi wasilifikie. Magunia yakapangwa juu yake, na sisi abiria juu ya magunia. Dereva wa kweli wa lori lile alikuwa ametoweka tangu msako wa wahujumu uchumi uanze. Usukani ulishikwa na utingo wake, jamaa aliyevaa shati lililopigwa pasi na kutupungia mkono kama bwana harusi. Miaka yake yote alisafiri juu ya mzigo, akiinama kila penye tawi. Sasa alikaa chini, na habari za huku juu hakuwa nazo tena.

Upande wa Maisaka, kamati ya mapokezi ilikuwa imesimamisha tao barabarani kumngojea kiongozi mgeni. Mwaka wa nyuma walitumia miti, ng'ombe wakaliangusha. Safari hii walichomelea mabomba na kuyachimbia kwa saruji, wakati zahanati ilikuwa na sakafu ya udongo. Kimo chake walikipima kwa Land Rover ya mgeni, maana ndiye aliyetarajiwa kupita.

Sisi wa juu tuliliona mapema. Tulipiga kelele, tukagonga paa la chumba cha dereva kwa viganja na kwa viatu. Kwenye malori, kugonga mara moja ni simama, mara mbili ni twende. Lakini ukiona chuma kinakujia usoni unahesabu saa ngapi? Yule bwana alisikia twende, twende, twende, akakanyaga mafuta. Tulijirusha nyuma, tukaangukiana. Vyuma vya turubai vilijikunja chini ya bomba, vikanasa, na lori halikwenda mbele wala nyuma.

Watu walijaa, kila mmoja fundi. Wengine walisema toa upepo kwenye matairi lishuke. Dereva akakaribia kulia.

"Tyubu zenyewe viraka vitupu, wazee wangu. Nikitoa upepo leo, gundi nitaipata wapi? Pampu nitaipata wapi?"

Nikamwambia basi tushushe magunia nitoe sanduku langu. Kwa hilo alikuwa na akili, na ndiyo iliyoniudhi zaidi.

"Dada, likipungua uzito litanyanyuka. Litabanwa kabisa."

Ikabaki kukata bomba. Mwenyekiti wa kamati akaitwa kutoka Mutuka, akaja kwa baiskeli, akalizunguka tao lake akilipapasa mikwaruzo.

"Hili halikatwi mpaka mgeni apite," alisema.

"Shikamoo baba," nilimwambia. "Mimi natakiwa chuoni kesho."

"Marahaba binti. Chuo kipo tu, hakikimbii."

Nilitamani kumrushia kiatu. Ila sikulelewa hivyo.

Ijumaa asubuhi Land Rover ya misheni ilipita kando, ndani ya shamba la mtu, ikaelekea Arusha. Sista aliyekuwa ndani alisimamisha akaniuliza nina nini. Nikamweleza.

"Panda twende, nafasi ya mtu mmoja ipo."

"Sanduku langu liko chini ya mzigo, Sista. Bila vitu hawanipokei."

Alinitazama kwa huruma, akatazama saa, wakaondoka. Nilikaa kwenye kivuli cha lori nikilia kwa hasira, na yule dereva akaniletea hindi la kuchoma ambalo sikuligusa.

Jioni ikaja habari kwamba mgeni ameahirisha safari. Hapo msumeno wa chuma ulipatikana, tena haraka.

Nilifika chuoni Jumamosi, sanduku kichwani. Mama aliyekuwa akiandikisha alinionea huruma kweli, lakini nafasi yangu alikuwa amempa binti mwingine jana yake, lango lilipofungwa. Niliweka sanduku sakafuni nikalifungua, nikampangia kimoja kimoja: shuka, blanketi, sabuni, sukari, viatu. Nilitaka aone kwamba sikuchelewa kwa uzembe, kwamba nina kila kitu walichodai.

Aliinuka akasogea karibu.

"Mwanangu, wenzako wote wamekuja mikono mitupu," alisema. "Tungewarudisha, tungemfundisha nani?"

Akainama, akaishika sabuni, akainusa.

"Hii unauza?"